Teopista na Albamu ya Thaxby

Kosa langu la kwanza kuhusu Teopista Nakibuuka lilikuwa kuamini kwamba anangoja kifo. Si kifo chake, bali cha mzee Lawrence, Mwingereza ambaye yeye alikuwa akimtunza katika jengo letu la Al Muraqqabat, Dubai. Niliamini hivyo kwa miezi, tena kwa utulivu wa mtu aliyesoma, ambaye akishaokota dalili tatu huziita ushahidi. Jirani zetu wengi humjua kama "yule dada wa mzungu" na basi. Mimi niliyedhani namjua kuliko wao ndiye niliyekaribia kumharibia maisha, na huenda ndiyo sababu nimeona nisiache habari zake zipite hivi hivi.

Mimi ni msimamizi wa walinzi na wa mapokezi. Nilisomea historia chuo kikuu, nikafundisha Machakos kwa muda, kisha nikaja Ghuba kama wenzangu. Watu hudhani mlinzi kazi yake ni kufungua mlango. Kazi yake ni kumtazama anayeingia na kujiuliza atatoka na nini. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, jicho hujifunza kuona mkoba kabla ya kumwona mwenye mkoba. Sisemi hili kujitetea. Nasema ili ijulikane nilivyokuwa nikitazama.

Mzee Lawrence alikuja Dubai akiwa kijana, fundi wa mitambo ya meli, mkewe na binti yao mdogo wakabaki Uingereza. Mke alifariki, binti akakua, naye mzee akaendelea kupanga nyumba ile ile karibu na maduka ya Deira, hata Waingereza wenzake wote walipohamia minara mipya ya kando ya bahari. Uzeeni kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Siku moja ya kiangazi tulimkuta barabarani, kichwa wazi juani, akitafuta soko la ng'ombe. Ndipo binti yake, Virginia, alipomwajiri Teopista.

Virginia alinipigia simu kutoka Uingereza. Alisema kwa upole kwamba hamjui huyo mwanamke, na kwamba angeshukuru kama ningekuwa jicho lake. Akaongeza kuwa amekwishapata nafasi katika nyumba ya wazee huko kwao. Kasoro yoyote ikionekana, atakuja kumchukua baba yake. Nililielewa jambo hilo vizuri. Mzee kila akitajiwa safari alikuwa akishika mikono ya kiti chake kama mtu anayeng'olewa. Na ukaazi wa Teopista ulifungwa kwenye kazi hiyo: mzee akiondoka, naye anaondoka. Wote wawili, kwa namna fulani, walikuwa wamewekwa mikononi mwangu, na hakuna aliyewaambia.

Nilikwenda kwa kisingizio cha kukagua kiyoyozi. Teopista alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa umbo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka upande wa pili wa shamba. Kiswahili chake kilikuwa cha Kyotera, Uganda, mpakani na Tanzania.

"Karibu, kaka Onesmus. Keti hapo. Shika picha, chai inakuja."

Akanipakatisha albamu. Ilikuwa na jalada jekundu la mahameli lenye mawaridi, aina ambayo kwetu hununuliwa kwa ajili ya harusi. Mzee alikuwa ameketi dirishani, amejifunika sweta kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, akinitazama kwa hamu kana kwamba nimekuja kununua kitu.

Nilifungua. Picha zilikuwa za zamani, nyeusi na nyeupe, za mji mdogo wa Uingereza uitwao Thaxby: mabanda ya gulio, kondoo ndani ya vizuizi vya mbao, mnara wa saa, wanawake wenye kofia wakichagua kabichi. Karatasi zake, hata hivyo, zilikuwa mpya kabisa. Zilikuwa zimechapishwa mtaani kwetu.

"Huyo ni Pettifer, muuza nyama," alisema Teopista, akiweka vikombe mezani. "Mizani yake ilikuwa haiendi kanisani."

Mzee hajui Kiswahili, lakini aliona kidole kilipotua. Akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba kidole gumba cha Pettifer kilikuwa kizito kuliko nyama yenyewe.

"Na huyu wa aproni ni mama yake Jjajja." Jjajja ni babu kwa Kiganda, ndivyo alivyomwita mzee wakiwa peke yao. Mbele ya watu alimwita Sir. "Aliuza siagi na mayai kila Alhamisi, chini ya hii saa."

"Umejuaje?"

"Amenieleza. Na watu wa Thaxby wamenieleza."

"Umefika Thaxby?"

"Kaka, mimi hata Abu Dhabi sijafika."

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilishuka kwa lifti nikiwa na neno moja kichwani: kwa nini? Kwa nini mtumishi ajifunze ujana wa bosi wake, akajua duka hadi duka? Na kwa nini amwonyeshe mgeni wa dakika kumi? Kila mtu wa kwetu anajua jibu la swali la pili. Mgeni haachwi atazame ukuta wakati maji yanachemka, hupewa albamu. Mama yangu hufanya hivyo mpaka leo. Lakini picha zilikuwa za Wazungu, nyumba ilikuwa ya Mzungu, na mimi nilijihisi kana kwamba nimefunguliwa kabati la mtu asiyejua.

Nilianza kuhesabu mambo yasiyo na hesabu. Nikarudi kwa ajili ya kengele ya moshi, albamu ilikuwa imenenepa. Nikarudi kwa ajili ya bomba, kulikuwa na shule ya Thaxby, na timu ya kriketi, na mafuriko. Jumapili, baada ya misa, Waganda wenzake wawili, Dorcus na Fortunate, walikuja, wakakaa hadi jioni. Niliwasikia wakisubiri lifti.

"Leo tumezunguka soko lote, miguu inaniuma," alisema Fortunate.

"Miguu ipi? Wewe umekwama kwa muuza peremende tangu tumeingia," Dorcus akamjibu. "Mzee mwenyewe amekuambia songa!"

"Banange, peremende za bure naziachaje?"

Wakacheka hadi mlango ukajifunga. Mimi, mwenye shahada ya historia, nilisimama pale nikidhani ni lugha ya mafumbo. Nikamweleza Humam, meneja wetu wa jengo, Msiria asiye na muda wa hadithi.

"Anayewaonyesha wageni picha za bosi wake, anawaonyesha nini kingine?" aliuliza. "Yalla, Onesmus. Fungua macho."

Nikayafungua zaidi. Wiki hiyo nilipopewa albamu niliifunua mwisho badala ya mwanzo. Kurasa nne zilikuwa tupu. Kwenye ya kwanza, kwa penseli na kwa Kiingereza, Teopista alikuwa ameandika kwamba hapo ni pa mazishi.

Sikuuliza. Mtu anayeshuku kwa dhati hapendi kuuliza, kwa sababu jibu linaweza kumnyang'anya shuku yake. Nilimtazama mzee, mzima, akilamba jamu kidoleni, nikautazama ule ukurasa uliokuwa ukimngoja. Chai ikanipalia.

"Pole, kaka," alisema Teopista akinigonga mgongoni. "Nani anakusema huko kwenu?"

Jioni hiyo nilitafuta jina la Thaxby mtandaoni. Haikuchukua muda. Wenyeji wa mji huo wana ukurasa wao ambapo hutundika picha za zamani na kukumbushana: nani alikuwa na baiskeli ya kwanza, nani alianguka katika josho la kondoo. Humo ndimo picha zilimotoka. Na humo nilimkuta mzee Lawrence, jina lake na uso wake, akijibu kila mtu kwa Kiingereza ambacho si chake. Chini ya picha ya mwashi aliyekufa zamani, "Lawrence" aliandika kwamba Mungu ailaze roho yake mahali pema. Chini ya picha ya kibibi fulani aliuliza ameacha watoto wangapi, na kama wote wanaendelea vizuri. Wenyeji walimpenda. Walimpa majina, wakamrekebisha, wakamtumia picha zaidi.

Kisha nikaona ombi lake la mwisho. Lilimtaja mama yake kwa majina yake yote, pamoja na jina la ukoo alilokuwa nalo kabla ya kuolewa, likauliza ni nani aliye na picha za mazishi yake.

Chini ya ombi hilo sauti zilibadilika. Mmoja aliuliza kama huu ni mzaha. Mwingine alisema hajawahi kusikia jambo la kuchukiza kama hilo. Wa tatu aliandika kwamba akaunti hii imeingiliwa na matapeli, watu wasiijibu.

Katika mafunzo yetu ya ulinzi tulifundishwa kwamba tapeli huanza na jina la mama. Mabenki huliuliza, ndilo ufunguo. Basi vipande vyote vikakaa mahali pake: mwanamke anayejigeuza mzee, jina la mama, kurasa za mazishi. Nilipiga picha za yale maandishi, nikampelekea Virginia, nikalala usingizi mzuri. Huo usingizi ndio unaonisumbua hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Virginia alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kitani, mikono imetulia mno. Alinitaka nipande naye. Katika lifti aliniambia tiketi ya baba yake ya kurudi naye iko tayari.

Teopista alifungua mlango. Hakujua kinachokuja, alijua tu kwamba mgeni amefika, na mgeni huyu alikuwa mkubwa kuliko wote.

"Karibu sana, madam. Keti. Tazama picha, chai inakuja."

Virginia aliipokea albamu kama mtu anayekabidhiwa kielelezo mahakamani. Alianza kufunua. Ukurasa baada ya ukurasa uso wake haukusema kitu, isipokuwa kwenye banda la siagi, ambapo alitulia kidogo. Mzee alikuwa amemsogelea na kiti chake, akimweleza Pettifer ni nani. Virginia akafika kwenye kurasa tupu.

"Hizi ni za nini?"

"Za bibi yako, madam," alisema Teopista. "Za kumzika."

"Ulimwandikia nani kuomba hizo?"

"Watu wa mji. Lakini walikasirika, sikujua ni kwa nini. Nikaomba msamaha, wakanifungia."

"Kwa jina la baba yangu."

"Yeye ndiye anayesema, madam. Mimi ninaandika. Akichoka ninamalizia salamu."

Virginia aliweka albamu mezani. "Bwana Onesmus alinitumia kila kitu," alisema. "Yeye ndiye aliyegundua."

Teopista aligeuka akanitazama. Alizungumza kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose hata neno.

"Kumbe chai yangu ulikuwa unainywa kwa macho."

Virginia akaendelea, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikatetemeka: ni mtu wa namna gani anayetaka kutazama picha za maiti? Nani huenda makaburini na kamera?

"Kila mtu, madam!" Teopista alisema kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa nani huenda sokoni na kikapu. "Kaka Onesmus, hata kama hunipendi, mwambie. Kwenu hampigi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniumiza kama kuteguka mguu. Tunapiga. Jamani, tunapiga. Baba yangu alipozikwa, mpiga picha alikodiwa kabla ya hema. Mshereheshaji alituita kwa zamu kandokando ya jeneza: sasa watoto wa marehemu, sasa wakwe, sasa wajukuu, sasa kwaya, sasa walimu wenzake. Albamu isiyo na mazishi, kwetu, ni hadithi iliyokatwa kabla ya mtu kufika nyumbani. Nilikuwa nimelisoma ombi la Teopista kwa macho ya wenyeji wa Thaxby, na kwa macho ya mkufunzi wa ulinzi. Kwa macho yangu mwenyewe sikuwa nimelisoma kabisa.

Nilimwambia Virginia hivyo, kwa maneno machache na kwa Kiingereza kibovu kuliko kawaida yangu. Kisha, kwa kuwa alionekana kutoniamini, nilitoa simu nikamwonyesha: mama yangu, ndugu zangu, mimi mwenye suti iliyonibana, na jeneza la baba katikati yetu kama mtu wa familia aliyeombwa asiondoke kwanza.

Alitazama muda mrefu. Teopista alikuwa ametoka. Alirudi na picha yake mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki, rangi zimegeuka za chai.

"Huyu ndani ya jeneza ni mama yangu. Huyu bibi mwenye gauni la busuti, aliyenibeba, ndiye aliyenilea. Na huyu ni mimi." Alikuwa mtoto wa miaka mitatu au minne, anatazama kamera badala ya jeneza. "Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa, huko kwetu. Wapiga picha walitoka mazishi haya wakaingia yale. Mimi na mama yangu tuko kwenye picha moja tu, madam. Ni hii. Kama yule mtu asingekuja na kamera, ningejuaje kwamba nilikuwepo?"

Nilitaka kuondoka lakini sikujua kama nina ruhusa ya kwenda wala ya kukaa.

Mzee Lawrence ndiye aliyezungumza. Alimgusa binti yake mkono, akamwuliza swali ambalo, nilikuja kuambiwa, alikuwa akimwuliza Teopista kila alipoamka usingizi wa mchana: je, Mama amezikwa? Mwaka wa msiba ule mzee alikuwa Dubai, bandarini. Habari ilimfikia kwa telegramu wakati mambo yote yamekwisha. Kwa hiyo ndani yake mama huyo alikuwa bado hajazikwa, akingoja kila siku, na Teopista alikuwa akifanya alichojua: anatafuta ushahidi wa kumwonyesha.

"Ndiyo, Baba," alisema Virginia. "Amezikwa."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo."

"Peke yako?"

"Na mama yangu. Na watu wengi. Gulio lilifungwa asubuhi nzima."

Mzee akamgeukia Teopista, akamwambia kwa fahari, kama mtu anayeleta habari mpya kutoka mjini: gulio lilifungwa.

"Eh! Basi alikuwa mtu mkubwa," Teopista alisema kwa Kiingereza chake. "Si nilikuambia, Jjajja?" Akajikumbusha. "Sir."

"Na yule Pettifer?" mzee akauliza.

"Alikuja," alisema Virginia, na kitu kama kicheko kikamtoka. "Alilia kuliko wote."

Hakusema neno lolote kuhusu tiketi, wala sikumwuliza. Alikaa siku zake zote zilizobaki katika nyumba ile, na nilipokuwa mapokezini asubuhi ya safari yake alishuka na sanduku moja, peke yake. Alinipa mkono. Alisema nikiona jambo tena nimpigie kwanza Teopista, kisha yeye. Nilimwitikia. Sijui kama lilikuwa karipio au adabu. Waingereza huyafunga yote mawili katika karatasi moja.

Teopista hakunifanyia ugomvi. Nilipopanda, safari hii kwa ajili ya kiyoyozi kibovu kweli, alinipokea, akaniketisha, akaniletea chai nzuri ya tangawizi. Albamu haikuja. Ilikuwa pale juu ya rafu, mawaridi yake yananitazama, naye alipita mbele yake mara mbili bila kuigusa. Nilikunywa nikitazama ukuta. Niliona ni haki yangu, na ninaamini hivyo bado, ingawa mwenyewe baadaye alilegea na Dorcus hunitania kwamba nimerudishiwa uraia wa Thaxby.

Virginia hupiga simu kila Jumapili. Teopista huweka simu mezani, sauti juu, na binti humsimulia baba yake siku ile kipande kwa kipande: nani alibeba jeneza, wimbo gani uliimbwa, mvua ilivyokuwa ikitaka kunyesha ikaghairi. Teopista hurudia katikati ya juma, mzee akisahau. Katika mojawapo ya simu hizo, mzee akiwa amelala, Virginia alimweleza jambo ambalo Teopista alikaa nalo kwa muda kabla ya kuniambia.

Siku ya mazishi ya bibi yake, Virginia alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja na alikwenda na kamera. Alitaka kumpelekea baba yake, aliyekuwa mbali. Alikwishapiga picha kadhaa wakati shangazi yake alipomwona, akamnyang'anya pale pale kaburini, akaifungua kamera na kuivuta filamu yote nje kwenye mwanga, ikaungua.